Geti lipo, nyumba haipo: Matembezi na watoto kwenye mageti ya kale ya Uingereza

“MAMA, sasa nyumba yenyewe iko wapi?”

Aliyeuliza ni kijana wangu wa miaka tisa. Tulikuwa karibu na kanisa dogo la Hamstead Marshall, kijiji kilichoko magharibi ya mji wa Newbury, kusini mwa Uingereza. Mbele yetu zilisimama nguzo mbili za geti, nene na ndefu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Kati yake palikuwa na nyasi. Nyuma yake palikuwa na nyasi. Nyumba hakuna.

Nikamwambia iliungua. Akauliza lini. Nikamjibu mwaka 1718. Akanitazama kama mtu aliyetapeliwa nauli ya treni, dada yake wa miaka 12 akaanza kucheka.

Mzazi mwenzangu, nilikwenda huko likizo ya mwezi wa sita kumtembelea mdogo wangu anayeishi Reading na familia yake. Nilikuwa nimewaahidi watoto matembezi. Nilipoona bei za viingilio kwenye viwanja vya michezo na kuzigeuza kwa shilingi zetu, mara tatu, niliweka simu chini. Mdogo wangu akaniambia, “Dada, kuangalia geti ni bure.” Nilidhani anatania. Kumbe nchi ile imejaa mageti ya zamani kiasi kwamba unaweza kuzunguka wiki nzima ukiyatazama kutoka barabarani, bila kulipa zaidi ya nauli.

Tukafanya hivyo. Nilikwenda nikidhani nitawafundisha watoto historia kidogo. Nimerudi na jambo ambalo bado linanisumbua, nami nitalisema mwishoni.

Hodi kilomita moja kabla ya nyumba

Kwanza tuelewane tunazungumzia mageti gani. Kuanzia karne ya 17 mpaka ya 19, familia tajiri za Uingereza zilijenga majumba yao makubwa mashambani. Kila jumba lilikuwa na bustani, msitu, eneo la kufugia paa na mashamba yaliyokodishwa kwa wakulima. Eneo lote hilo lilizungushiwa ukuta au uzio, na pale njia ya bwana ilipokutana na barabara ya watu wote, paliwekwa geti.

Wengi walitaka geti liwe mbali na nyumba. Mgeni alipita getini kisha akasafiri kwa farasi katikati ya miti mpaka aone jumba. Kwetu mtu anabisha hodi mlangoni. Kule unaweza kusema hodi ilibishwa kilomita moja kabla.

Nguzo zilikuwa nene kwa sababu ya kazi yake. Geti la chuma la kupitisha gari la farasi ni zito, na muda wote linavuta nguzo upande wa ndani. Fundi alitoboa shimo kwenye jiwe, akaingiza chuma cha bawaba, kisha akamimina madini ya risasi yaliyoyeyushwa ili kishike. Tatizo ni kutu. Chuma kikiingiwa na maji kinavimba na kulipasua jiwe kutoka ndani. Ukifika kwenye nguzo ya kale mwambie mtoto atafute bawaba, halafu atafute ufa. Mara nyingi viko jirani.

Nguzo nyingine zimebaki na bawaba tu, geti halipo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Uingereza ilikusanya vyuma vya nyua na mageti ili viyeyushwe kwa ajili ya vita. Kazi zilizoonekana kuwa na thamani ya kihistoria ziliruhusiwa kubaki, lakini nyingi zilikwenda.

Kijiji kilichohamishwa

Safari yetu ya kwanza ilikuwa kwenda Woodstock. Tulipanda basi kutoka Reading kwenda Oxford kupitia Wallingford. Kabla ya kufika Oxford basi linapita katikati ya kijiji kiitwacho Nuneham Courtenay. Utakitambua: nyumba ndogo za matofali zinazofanana, zimepangwa mistari miwili, mmoja kila upande wa barabara kuu, kama wanafunzi mstarini.

Havikuwa hapo mwanzo. Katika miaka ya 1760, bwana wa eneo hilo, Harcourt, alitaka mandhari safi kuzunguka jumba lake jipya. Kijiji cha zamani kilikuwa ndani ya mandhari hayo, kwa hiyo kiliondolewa na watu wakajengewa nyumba hizi barabarani, nje ya eneo lake. Mwanamke mmoja mzee aliomba asihamishwe, akaruhusiwa kubaki kwenye kibanda chake mpaka afe.

Binti yangu aliuliza kama walilipwa fidia. Nikamwambia walipewa nyumba mpya, na kwa hali ya wakati ule huenda zilikuwa bora kuliko za mwanzo. Lakini hakuna aliyewauliza kama wanataka kuhama. Huo ni upande wa kwanza wa geti ambao mtoto anapaswa kuuona: kabla hujaweka geti, lazima uwe umeamua nani atabaki nje.

Fundi aliyezuiwa getini

Woodstock ni mji mdogo, na mwisho wa mtaa mmojawapo kuna lango kubwa la mawe lenye tao, kama yale ambayo Warumi wa kale walijenga kusherehekea ushindi. Hili ni lango la Jumba la Blenheim, makazi ya watawala wa Marlborough. Mtawala wa kwanza, John Churchill, alilishinda jeshi la Wafaransa na wenzao kwenye vita vya Blenheim, nchini Ujerumani ya leo, mwaka 1704. Malkia Anne akampa ardhi hiyo ili ajengewe jumba kama zawadi.

Churchill alifariki mwaka 1722. Mwaka uliofuata mjane wake, Sarah, alijenga lango hili kwa kumbukumbu ya mumewe, akimtumia mchoraji majengo Nicholas Hawksmoor. Kwa hiyo unapopita pale unapita chini ya msiba wa mke. Ukishaingia unaona ziwa, daraja na jumba kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1874 ndipo alipozaliwa humo Winston Churchill, yule yule aliyekuja Afrika Mashariki mwaka 1907 na kusafiri kwa reli ya Uganda.

Kisa kilichowashika watoto wangu ni kingine. Mchoraji wa jumba lenyewe alikuwa John Vanbrugh. Aligombana na Sarah kuhusu gharama na malipo, akaacha kazi mwaka 1716 kabla jumba halijakamilika. Mwaka 1725 alirudi akiwa na mkewe na marafiki, akitaka tu kuiona kazi yake ilivyomalizika. Watumishi wa Sarah walikuwa na amri: huyu asiingie, hata bustanini. Marafiki zake wakaingia kutazama. Yeye aliyelichora jumba akabaki mjini na mkewe. Alikufa mwaka uliofuata.

Kijana wangu alifikiri kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Kama wewe unavyomwambia mlinzi aseme haupo.”

Mdogo wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikuwa na jibu. Ni kweli huwa nasema hivyo. Wakija wa mchango, wakija wauza vitu, hata ndugu siku nikiwa nimechoka, mlinzi anaambiwa aseme mama hayupo. Uongo ni wangu, lakini anayeutamka ni yeye, na anayetazamwa vibaya ni yeye.

Nanasi la nini juu ya nguzo?

Tuje kwenye mambo mepesi. Watoto walifurahia zaidi vilivyo juu ya nguzo. Kuna matufe ya mawe, hayo ndiyo mengi. Kuna vyungu vyenye mifuniko. Kuna simba, tai na paa, na mara nyingi mnyama huyo ametoka kwenye nembo ya ukoo, kwa hiyo anamtaja mwenye nyumba hata kama hujui kusoma. Aliyetembea Mji Mkongwe wa Zanzibar anajua jambo hili: mlango wenye nakshi unamtangaza mwenyewe kabla hajatoka.

Halafu kuna nanasi. Tuliyaona Ham House, jumba la karne ya 17 ukingoni mwa Mto Thames, London, yamepangwa kwenye uzio wa mbele. Kijana wangu alidhani wenyewe walikuwa wauza matunda.

Kwetu nanasi ni la kununua barabarani dirishani mwa basi. Uingereza ya karne ya 18 lilikuwa jambo lingine. Lilitoka maeneo ya joto ya Amerika, na safari ya meli ilikuwa ndefu mno kwa matunda. Waliotaka kulilima walijenga nyumba za vioo, wakapasha udongo joto kwa mbolea ya farasi na maganda ya miti kutoka kwa watengeneza ngozi, wakasubiri miaka miwili au mitatu kwa tunda moja. Kuna waliolikodi kwa karamu moja, likawekwa mezani litazamwe tu, kisha likarudishwa. Kwa hiyo nanasi la jiwe juu ya nguzo lilisema: humu tuna uwezo, na mgeni tunaweza kumkirimu.

Tahadhari ndogo kwa mtoto mwenye macho makali: si kila kinachofanana na nanasi ni nanasi. Mengine ni tunda gumu la msonobari, pambo lililotumika tangu enzi za Warumi. Nanasi lina majani kichwani.

Mapambo ya Ham House si jiwe la kuchongwa. Ni udongo maalumu uliochomwa kwa moto mkali, ukawa mgumu kiasi cha kuvumilia mvua na barafu ya miaka zaidi ya 200. Kiwanda kilikuwa Lambeth, London, na kuanzia mwaka 1769 kiliendeshwa na mwanamke, Eleanor Coade. Hakuwahi kuolewa, alisimamia biashara mwenyewe katika zama ambazo wanawake wachache walifanya hivyo, na akawauzia matajiri simba, vyungu na mananasi ya mageti yao. Binti yangu alilinakili jina hilo kwenye simu. Sikumwomba.

Usiache pia kumwambia mtoto fedha ilitoka wapi. Si nguzo zote zilijengwa kwa kodi za wakulima wa Kiingereza. Jumba la Harewood, kaskazini mwa nchi, lilijengwa na familia ya Lascelles iliyotajirika kwa biashara ya sukari na watumwa visiwani Karibi. Utumwa ulipofutwa kwenye makoloni ya Uingereza kwa sheria ya mwaka 1833, waliofidiwa ni wamiliki. Bwana wa Harewood alipata zaidi ya pauni 26,000. Watumwa wenyewe hawakupewa kitu.

Watoto wa geti

Jumapili shemeji alikuwa na mapumziko, akatupeleka kwa gari Stowe, kaunti ya Buckinghamshire. Hapo kuna tao la mwaka 1765 lililochorwa na Thomas Pitt. Lina urefu wa takriban mita 18 na upana wa kadiri hiyo hiyo, na limekaa kilimani zaidi ya kilomita moja kutoka kwenye jumba. Ukilitazama kwa mbali unadhani ni mnara wa kumbukumbu tu. Ukilikaribia unaona madirisha. Ndani ya zile nguzo nene mlitengenezwa makazi mawili ya watumishi, yenye ghorofa nne.

Huko ndiko binti yangu alikoanza kuuliza habari za walinzi. Nikamweleza ninachokijua.

Kwenye mageti mengi mlinzi alipewa kijumba pembeni. Mahali pengine viliwekwa vijumba viwili pacha, kimoja kila upande wa njia, kwa sababu bwana alipenda pande zote zifanane. Kwa nje vinapendeza kama keki ya harusi. Lakini familia ilikuwa moja tu. Ikabidi igawanywe: jiko na sebule upande huu, chumba cha kulala upande wa pili. Mtoto akitaka kwenda kulala usiku wa mvua, anavuka njia ya bwana.

Mara nyingi baba alikuwa na kazi nyingine, bustanini au msituni, hivyo kufungua geti kukawa kazi ya mama na watoto. Gari la farasi likisikika, mchana au usiku, mmoja wao anatoka mbio, maana bwana hasubirishwi. Na kijumba kilikuwa sehemu ya ajira. Kazi ikiisha, au baba akifariki, familia inahama.

“Kwa hiyo walikuwa wanakaa kwenye geti,” binti yangu akasema, “lakini geti halikuwa lao.”

Zilizobaki

Sasa turudi Hamstead Marshall, kwenye nguzo zisizo na nyumba. Tulikwenda siku ya mwisho. Kutoka Newbury unaweza kutembea kando ya mfereji wa Kennet na Avon; njia ni tambarare, na watoto wana mashua za kutazama.

Mwenye eneo alikuwa William Craven, tajiri mkubwa aliyemtumikia kwa miaka mingi Elizabeth, binti wa Mfalme James wa Kwanza, aliyekuwa malkia wa Bohemia kwa kipindi kifupi akafukuzwa kwenye kiti. Inasemwa kwamba Craven alimpenda na kwamba jumba hili alilipanga kwa ajili yake. Elizabeth alifariki mwaka 1662, kabla ya kuishi humo. Craven hakuoa maisha yake yote. Jumba lilijengwa hata hivyo, na mwaka 1718 likateketea kwa moto. Halikujengwa tena. Zimebaki jozi kadhaa za nguzo za mageti, moja moja mashambani, kila moja ikielekea pasipo na kitu.

Hamstead Marshall iliungua mapema, lakini haiko peke yake. Katika karne ya 20, majumba ya aina hii zaidi ya 1,000 yalibomolewa Uingereza. Kodi za mirithi zilipanda, vijana wa koo hizo walikufa vitani, na watumishi wakapata kazi bora mjini. Nyumba ikabomolewa, matofali yakauzwa. Geti, kwa kuwa lilikuwa mbali na nyumba, mara nyingi liliachwa. Na kijumba cha mlinzi, kidogo na rahisi kukitunza, kikapata mnunuzi. Leo kuna mahali ambapo nyumba ya bwana haipo na nyumba ya mlinzi ina watu, mapazia na baiskeli za watoto nje.

Kijana wangu alikaa chini ya nguzo akila mkate wake. Akauliza, “Mama, mlinzi wetu ana watoto?”

Nikasema ndiyo, nadhani. Akauliza wangapi. Sikujua. Amefungua geti langu kwa miaka minne.

Ukijaliwa kwenda na watoto

Kama una ndugu Uingereza na unapanga kwenda, si lazima uende nilikokwenda mimi. Kila kaunti ina mageti yake. Tembea juu ya njia za umma zilizoonyeshwa kwa vibao, kwa kuwa mashamba mengi yana wenyewe. Msimruhusu mtoto kupanda nguzo. Mapambo ya juu ni mazito na mengine yamelegea. Beba makoti hata mwezi wa sita. Na kila getini mpe mtoto maswali matatu: nani alilijenga, nani alizuiwa, na nani alikuwa akilifungua. Swali la tatu halijaandikwa kwenye kibao chochote, lakini ndilo litakalowapa mazungumzo mpaka nyumbani.

Nyumbani

Tuliporudi Dar es Salaam nilimwita mlinzi wetu, nikamuuliza. Ana watoto watatu, wako Lindi kwa bibi yao. Wa mwisho ana miaka tisa.

Mwaka jana aliomba siku tatu akamwone huyo wa mwisho, alikuwa mgonjwa. Nilikumbuka. Nilimpa siku moja, kwa sababu sikuwa na mtu wa kukaa getini, na nilijiona nimemsaidia. Sasa nikamuuliza alimkutaje mtoto. Akasema, “Sikwenda, mama. Siku moja haitoshi kwenda na kurudi.” Alibaki pale pale kibandani siku ile, na mimi nilipiga honi jioni, akanifungulia.

Mtoto alipona, ashukuriwe Mungu. Lakini siwezi kuirudisha siku ile.

Mwezi wa saba alikwenda Lindi kwa siku kumi, na mshahara wake kamili. Watoto wangu walishika geti kwa zamu. Ile ya kumwambia mtu aseme sipo nimeiacha; nikiwa nimechoka natoka mwenyewe naeleza kuwa nimechoka.

Siku ya tatu ya zamu zao nilirudi kazini mvua ikinyesha. Nikapiga honi mara mbili kama kawaida yangu. Geti likafunguliwa na kijana wangu, hana viatu, kalowa mpaka kichwani, anahema kwa kukimbia.

“Mama,” akasema, “nimesikia mara ya kwanza.”